Amemaliza Dawa

Ofisini wanamwita Bibi Namba, ingawa hajafika umri wa kuitwa bibi na mtu yeyote. Zamani alikuwa posta, akipanga barua kwenye vijumba vya mbao. Siku hizi anapanga magonjwa. Mgonjwa akishaonwa na daktari, faili lake linakuja kwenye meza yake, katika chumba chembamba nyuma ya dirisha la dawa, naye anayageuza maneno ya daktari kuwa namba kwenye kompyuta. Nilikwenda kumtazama kwa sababu nimeishi miaka mingi kati ya lugha na lugha, na sikuwahi kukutana na mtu anayetafsiri Kiswahili kwenda kwenye tarakimu.

"Huyu ana kisukari," alinionyesha. "Namba ya kwanza inasema anaumwa nini. Hii ya pili inasema anatumia vidonge vya kumeza, kwa muda mrefu. Wa sindano wana yao."

"Kwani ya kwanza haitoshi?"

"Kuumwa ni jambo moja, kutibiwa ni jingine. Wenzetu wa dirishani wanafunga mifuko ya dawa ya mwezi kwa kufuata ya pili. Ukiikosa, hata uwe mtamu kama juisi, mfuko huna."

Akafungua faili lililofuata. Lilikuwa la fundi wa kuchomea vyuma, mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta. Daktari alikuwa amemwona jana yake, akaandika kwa mwandiko unaosomeka: Sukari iko juu. Macho yana ukungu. Amemaliza dawa. Aendelee kama mwanzo.

Vidole vya Bibi Namba vikasimama. Akayasoma yale maneno mawili, amemaliza dawa, kwa sauti, kisha akayarudia kama mtu anayeonja mchuzi.

"Amemaliza vipi? Angeandika ameishiwa, ningejua. Aliyeishiwa bado ni mtumiaji, namba inabaki, mfuko unafungwa. Lakini kama amemaliza dozi, vile watu wanavyomaliza ya malaria, basi huyu ameacha. Siwezi kumwandika mtumiaji wa kitu asichokitumia."

"Si ukisie tu?"

"Nikisie? Macho ni ya kwako?"

Hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mtu anayeunganisha vyuma viwili kwenye mstari mwembamba wa moto, na yalikuwa yanaingia ukungu. Bibi Namba akachukua faili, nami nikamfuata.

Tulimkuta daktari akinywa chai kwa haraka katikati ya wagonjwa.

"Niliandika alichosema," akajitetea. "Nilimuuliza dawa vipi, akasema amemaliza. Nikajua zimemwishia, atapita dirishani kuchukua nyingine."

"Hakupita. Nimemuuliza mfamasia hapa njiani. Na hii 'aendelee kama mwanzo', yeye alielewa aendelee na nini?"

Kikombe cha daktari hakikufika mdomoni. "Mpigie," akasema.

Simu ikawekwa mezani, sauti nje. Kwanza tulisikia mashine ya kukata vyuma, kisha ikazimwa.

"Fundi, habari za kazi? Hapa ni hospitali, upande wa mafaili."

"Mmeshaniandika marehemu?"

"Bado, baba. Nauliza zile dawa zako za sukari."

"Nilimaliza, dada! Zote! Muulize mke wangu, ambaye zake zinazeekea kabatini."

"Ulimaliza lini?"

"Mbona zamani, kabla ya mvua."

"Na hukuja kuchukua nyingine?"

"Za nini tena? Dozi nimemaliza. Na jana daktari kaniambia niendelee kama mwanzo. Ndiyo naendelea hivi."

Alisema hivyo kwa fahari, kama mzazi anayetaja matokeo ya mtihani wa mwanawe. Daktari akainamia simu. "Fundi, njoo leo hii. Na usichomee chochote mpaka nikuone."

Alifika mchana, mikono ina masizi, uso umenuna. Bibi Namba alikuwa amesimama kando na faili lake, akisubiri neno la kuandika.

"Kwa hiyo sijapona?"

"Vidonge hivi havifukuzi sukari," daktari alimwambia. "Vinaishusha. Ukiviacha, inapanda tena."

"Sasa navinywa mpaka lini?"

Daktari akamtazama Bibi Namba, labda kwa kuwa yeye ndiye mwenye kitabu cha namba.

"Kitabu changu kinasema muda mrefu," Bibi Namba akasema.

"Muda mrefu ni mpaka lini?"

"Hakisemi."

"Dawa isiyoisha!" Fundi akageukia kwangu, mgeni, kutafuta shahidi. "Hiyo si dawa, hiyo ni ndoa."

Tukacheka, yeye hakucheka. Aliitazama mikono yake. "Ngoja. Mimi nikimwambia mteja nimemaliza mtungi wa gesi, hadhani geti lake limekwisha. Anajua natafuta mtungi mwingine. Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo hasa," daktari akasema.

"Sasa mbona jana hukusema?"

"Mbona jana hukusema umemaliza dozi?"

"Si nilisema nimemaliza!"

Safari hii alicheka naye. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kuhusu macho.

"Ukungu wa sukari ya juu mara nyingi hupungua sukari ikishuka," daktari alijibu. "Mara nyingi, si kila mara. Leo nitayaangalia kwa ndani. Miwani usinunue kwanza, tutapima tena sukari ikitulia. Mpaka hapo moto ashike mwingine."

Kwenye faili, daktari hakufuta maneno ya jana. Aliongeza chini yake: Aliacha vidonge akidhani dozi imekwisha. Aanze tena leo, aendelee bila kukatiza.

Bibi Namba alirudi mezani kwake akaingiza namba ya pili. Fundi alikuwa nyuma yake, anataka kuiona. Hajawahi, alisema, kuandikwa kwa tarakimu isipokuwa kwenye jezi. Akainama, akasogeza uso, akasogeza tena, pua ikakaribia kioo cha kompyuta.

"Nisomee wewe, dada."

Akamsomea, tarakimu moja moja, polepole. Kisha akamwelekeza dirishani.