Mkono Uliozoea Jumapili

Siku ile nilikuwa nachambua maharagwe. Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno. Nilitaka maharagwe ya kupeleka kanisani yawe safi, bila mawe na bila punje zilizotobolewa na wadudu. Mume wangu, Mwiti, alikuwa ameketi kwenye gogo mbele ya jikoni akikata kucha kwa kisu na kunicheka. Alisema Mungu hali githeri, mahindi yetu ya kuchemshwa na maharagwe, na watakaoyanunua ni majirani wale wale ambao wamezoea kutafuna mawe yangu. Nikamwambia aangalie kidole chake.

Kwetu kwa sadaka ya mavuno mtu haleti noti peke yake. Unaleta ulichopanda au ulichofuga: maboga, kuku, mkungu wa ndizi, hata mbuzi ukiweza. Baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada nje ya kanisa, na kuna kicheko kingi, kwa sababu mtu anaweza kununua kuku kisha akamrudisha apigwe mnada tena. Vitu huletwa Jumamosi saa kumi, na Mwiti ndiye aliyekuwa akiwaita watu kwa ringi.

Kanisa letu la mabati halikuwa na kengele. Tulikuwa na ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mgunga, na Mwiti aliigonga kwa kipande cha chuma. Alianza kazi hiyo kabla hajanioa, na hakuna aliyewahi kumlipa. Alikuwa na namna yake. Aligonga mara moja, akasubiri sauti iishe kabisa, kisha akagonga tena. Ukiwa mgeni ungedhani amelala katikati.

Mimi ni mtu wa Mbeere, nimezaliwa karibu na Gachoka, na niliacha shule darasa la saba. Niliolewa mbali, kaskazini mwa Meru, pale mashamba yanapoishia na malisho kuanza. Ndiko vita vilikotukuta. Watu wa mjini waliviita wizi wa mifugo. Vilianza hivyo kweli, mbuzi wa huyu leo, ng'ombe wa yule kesho. Kisha wezi wakaja na bunduki, watoto wakaacha kwenda shule, na wanaume wetu wakawa wanalala nje na mishale. Mtu akipigwa risasi mtoni akiteka maji, hilo kwangu ni vita.

Miezi ile niliomba kuliko nilivyowahi kuomba. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema tu, Bwana, tufikishe asubuhi. Asubuhi ilipofika nilisema asante, nikaenda kukamua. Sitasema sikuogopa. Niliogopa kila siku, lakini baada ya kuomba niliweza kufanya kazi.

Wazee walikubaliana juu ya ishara. Adui akionekana, ringi ipigwe haraka haraka bila kupumzika. Wanaume wakimbilie maboma ya ng'ombe, wanawake na watoto wajifungie ndani. Tulifanya mazoezi mara moja. Watoto walicheka sana.

Basi Jumamosi ile Mwiti alitangulia kanisani kufagia na kupanga meza. Kanisa liko kusini mwa nyumba zetu, kwenye kilima kidogo, na nyuma yake kuna korongo refu. Jua lilikuwa bado juu niliposikia ringi. Ilipigwa mara moja, ikanyamaza, ikapigwa tena. Nikajua ni ya kanisa. Nilishangaa tu kwamba saa kumi haijafika. Nikafunga maharagwe kwenye leso, binti yetu Kendi akambeba kuku, tukatoka.

Njia ilijaa watu. Mutuma, ndugu ya Mwiti, alikuwa akivuta mbuzi asiyetaka kwenda. Akaniuliza kwa nini mzee wangu ametuamsha kutoka usingizi wa mchana.

"Ana njaa ya sadaka," nikasema.

"Basi ale huyu mbuzi," Mutuma akasema, "maana mimi amenishinda."

Tulicheka mpaka mlangoni pa kanisa.

Mwiti alikuwa chini ya mti. Shati lake lilikuwa limelowa jasho.

"Shukeni korongoni," alisema. "Wamekuja. Msirudi nyumbani."

Mkono wake bado ulikuwa unagonga, polepole.

Niligeuka. Moshi ulikuwa ukitoka upande wa nyumba zetu.

Nilimwambia aje. Akasema kuna watu hawajafika.

Nikamshika Kendi. Sikumbuki maharagwe niliyaacha wapi.

Korongoni tulilala kifudifudi. Akina mama waliwafunika watoto midomo. Ringi iliendelea juu yetu. Watu waliendelea kushuka, wengine bado wamebeba maboga.

Kisha risasi.

Ringi ikalia mara moja tena. Nilisubiri sauti iishe. Iliisha. Nikasubiri nyingine.

Walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba bila kumkuta mtu. Walichukua mifugo yote na kuchoma nyumba kadhaa, na yangu ilikuwa mojawapo. Wachache walifuata sauti mpaka kanisani, wakampiga Mwiti wakiwa mbali, wakaondoka na wenzao. Mtu mwingine hakuguswa. Tulipowahesabu watoto, wote walikuwepo.

Mwiti alikuwa hai. Risasi ilikuwa imeingia tumboni, na nyingine ilikuwa imebonyeza ringi. Barabarani tulisimamisha pikapu ya miraa, zile zinazojulikana kwa mbio. Dereva alikuwa kijana ambaye hatukumjua. Alimtazama Mwiti. Alishusha mabunda ya miraa yakabaki kando ya barabara, mali ya watu, akatupakia. Aliendesha akipiga honi mpaka tukavuka Makutano na kufika hospitali mjini Meru. Sijui jina lake mpaka leo. Namtaja katika sala kama yule wa pikapu.

Mimi na Kendi tulilala katika ukumbi wa kanisa moja pamoja na wakimbizi wengine. Siku ya kwanza nilienda soko la Gakoromone nikitafuta mifupa ya supu. Karibu na soko kulikuwa na bucha ya familia ya Kiislamu, na mwenye kuuza alikuwa mama mmoja aliyeitwa Mama Rukia. Aliniuliza nampikia nani na wapi, maana hakuniona na sufuria. Nikamweleza. Akaondoka, akarudi na themosi yake mwenyewe imejaa supu.

"Kesho uirudishe hiyo themosi, mama," alisema. "Ukichelewa nitakutafuta."

Nilipoirudisha aliijaza tena, na kila siku ikawa hivyo. Daktari alipomkataza Mwiti kula, supu aliinywa Kendi, na Mama Rukia alipojua hivyo akaanza kutia vipande vya nyama. Aliniambia na wao nyumbani wanamwombea mgonjwa wangu. Niliomba Mungu atume malaika. Alimtuma mama wa bucha mwenye aproni ya damu, na mimi nilitosheka.

Watu wa kwetu walikuja kumwona Mwiti. Walikaa kitandani wakimsifu kwa akili yake. Walisema angepiga ringi ya hatari, wanaume wangekimbilia maboma na mishale yao na kukutana na bunduki, na sisi tungejifungia ndani ya nyumba zilizochomwa. Kumbe yeye aliwaza haraka, akatuita kama watu wa sadaka, adui akakuta nyumba tupu. Mwiti alitazama dari.

Walipoondoka alinishika mkono.

"Mama Kendi, sikuwaza chochote."

Nikamuuliza anasema nini.

"Ile ringi. Nilipoona vumbi lao nilitaka kupiga ile ya haraka. Nilijua ni ya haraka. Mkono ukapiga ya Jumapili. Niliulazimisha, ukakataa."

Nikamwambia haidhuru, watu wote ni wazima.

"Watakuja kuisifu akili yangu kanisani," alisema. "Usiwaache wadanganye juu yangu mbele ya Mungu."

Niliahidi. Akacheka kidogo, ikamuuma, akaacha.

Alifariki asubuhi moja nikiwa bombani nasuuza themosi ya Mama Rukia. Nilirudi na themosi safi mkononi, nikakuta wamemfunika.

Mazishi yalifanyika nyumbani, kando ya kuta zilizoungua. Kabla ya ibada Mutuma alinivuta pembeni. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Alijua nilichoahidi, maana nilikuwa nimemwambia.

"Shemeji, nakuomba," alisema. "Watu wamepoteza mifugo, wamepoteza nyumba. Waachie huyu shujaa."

Mutuma si mtu mbaya, na mimi mwenyewe nilitamani ile hadithi. Mjane wa shujaa huheshimiwa. Lakini nilikuwa nimeshika mkono wa mtu nikaahidi, na mtu huyo alikuwa ndani ya sanduku hatua chache kutoka pale niliposimama.

Zamu yangu ilipofika niliwaambia kama alivyoniambia. Kwamba aliogopa. Kwamba alitaka kupiga ya hatari na mkono ukapiga ya kanisa. Kwamba hakuwa na mpango wowote.

Niliona Mutuma ameinamisha kichwa. Mchungaji alisimama, akaniuliza kwa upole, si kwa kunipinga:

"Sasa mama, tumshukuru nani?"

Nikasema, "Mungu. Na zile Jumapili zote ambazo Mwiti alipiga ringi na watu wachache wakaja."

Nyuma kabisa bibi mmoja akasema kwa Kimeru kwamba huyo sasa ndiye Mwiti anayemjua, mtu asiyeweza kuharakishwa hata na risasi. Watu wakacheka huku wanalia. Mutuma pia alicheka. Nilihisi mzigo umetoka kifuani, na amani ile niliyoipata pale kando ya kaburi haijaniacha, ingawa huzuni nayo haijaniacha.

Miaka imepita. Tulirudi, tukajenga tena, na malisho sasa yametulia kwa kiasi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kama mkono ungemtii, huenda wengi wangekufa na yeye akapona. Sitaki kusema ilikuwa sawa. Kendi aliolewa bila baba wa kumsindikiza, na jioni bado nahisi kwamba hayupo kwenye gogo lake. Nashukuru kwa kila mtoto aliyepanda kutoka korongoni, na ningempokea Mwiti leo hata bila mkono ule. Namwambia Mungu yote mawili. Hajawahi kunikemea.

Jumamosi ya kuleta mavuno ya kwanza baada ya kurudi, Mutuma ndiye aliyepewa kazi ya ringi. Alipiga mbio mbio, watoto wakaanza kulia, na mama mmoja akakimbia na boga lake akaelekea korongoni. Wakamnyang'anya kile chuma. Wakajaribu wengine wawili, ikawa vile vile. Hakuna aliyeweza kusubiri.

Mchungaji akanitazama. Nikaweka maharagwe yangu chini, nikaenda mtini. Pale risasi ilipobonyeza ringi, sauti imekuwa fupi kidogo kuliko zamani.

Nikagonga. Nikasubiri mpaka iishe kabisa. Nikagonga tena.