Shimo Walilolijaza kwa Namba

Mtoto wa mama mkubwa, niliyemwita yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, ndiye aliyenitafutia kazi katika ofisi iliyopanga mifereji ya mji. Ramani kubwa ya Lubumbashi ilikuwa imechorwa miraba. Mimi nilisoma kimo cha ardhi katika kila mraba, kwa sauti ndogo, naye aliiandika namba kwenye mashini, ile kompyuta mpya tuliyoiita ordinateri. Mashini ingeonyesha mvua ikinyesha maji yanapita wapi na yanasimama wapi. Huko yanakosimama ndiko mfereji ungechimbwa.

Lakini mashini haikupenda mashimo. Maji yakiingia katika mraba ulio chini kuliko majirani zake wote, hayakutoka, na hesabu ilikwama. Basi mraba huo ulipandishwa namba mpaka maji yapate njia. Mashimo mengi yalikuwa makosa ya kalamu tu. Moja lilikuwa kartie yetu, mtaa tulioishi. Kila wakati wa mvua mama alipandisha unga wa bukari, ugali wetu, juu ya meza, na ukuta wa jikoni ulikuwa umeanza kuinama.

Nilimwambia yaya kwamba shimo lile ni la kweli, ni kwetu. Alicheka.

“Maji ya kwenu iko na buvivu kama weye.” Kisha akanishika bega. “Usiogope, mudogo. Ile shimo nitaiacha. Si miye pia nakulaka bukari ya mama?”

Nilimwambia mama, naye akawaambia majirani. Wakangoja mfereji.

Ulichimbwa upande wa juu, kwenye nyumba za wakubwa. Mvua ya kwanza kubwa ikaangusha jiko la mama. Majirani wakalalamika, na Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, tulipokuwa tukitoa matope, yaya akatumwa kutueleza. Alikunjua ramani mpya. Kartie yetu ilikuwa mteremko mzuri, maji yakipita bila kusimama. Alikuwa amelijaza shimo letu.

Jirani mmoja akamwuliza ni nani aliyesema hapa pako juu.

Yaya hakunitazama. “Miye niliandikaka tu. Namba, ni huyu mudogo alisomaka.”

Wote wakanigeukia. Nilisoma namba ya chini, yeye akaipandisha: ndiyo maneno niliyopaswa kuyasema, na yalikuwa machache. Hayakutoka.

Mama aliweka chini beleshi lake. “Ni kweli ulisoma?”

“Nilisoma, mama.”

Yaya akaikunja ramani, akaagana na kila mtu kwa heshima, na mama yangu pia.

Mvua zilizofuata, majirani walipochota maji ndani ya nyumba zao, waliyamwaga mbele ya mlango wetu. Mama aliyafagia. Hakuniuliza tena.