Mama Meno na gari lililojua funguo tatu

Saa moja na nusu asubuhi, katika maegesho ya wafanyakazi wa hospitali, mwanamke wa makamo amepiga goti kando ya gari dogo jeupe. Jicho moja amelifumba, jingine amelisogeza karibu na tundu la kitasa cha mlango. Mkononi ana kifaa chembamba kama sindano ya kushonea magunia. Anakisukuma ndani, anakirudisha kidogo, anasita, kisha anatamka kwa sauti ya chini.

“Tatu. Moja. Moja. Nne.”

Nyuma yake amesimama nesi aliyetoka zamu, bado na sare yake, macho mekundu kwa usingizi. Anamtazama fundi, anatazama mlango, anashindwa kuvumilia.

“Samahani, mama. Unaongea na nani?”

“Na kitasa. Usinikatize, nitasahau kilichoniambia.”

Mjini anajulikana kwa jina la Mama Meno. Wasiomfahamu humtazama kwanza mdomo, naye ameshazoea. Meno yanayosemwa ni yale ya ufunguo, zile kingo zilizochongwa juu na chini ambazo yeye huzisoma ndani ya kitasa, kina cha kila moja kikiwa na namba yake, bila kuwa na ufunguo wa kuiga. Kazi yake ni kuwatengenezea funguo mpya watu waliopoteza za magari yao.

Nesi amepoteza wa kwake wodini. “Ulikuwa mfukoni mwa gauni la wodini, lile la kuvalia juu ya sare,” anaeleza. “Nahisi umekwenda na mashuka kufuliwa.”

“Ukipatikana usiutupe,” anamwambia Mama Meno. “Maji huua rimoti, ile ya kufungulia milango kwa mbali. Chipu iliyo ndani ya ufunguo haina betri, inaweza kutoka huko safi kuliko mimi na wewe.”

Kabla ya kupiga goti alikuwa ameomba kadi ya gari na kitambulisho, akalinganisha majina, akamtazama nesi usoni, akatazama tena picha. Hilo halina mjadala kwake. Mtu asiye na karatasi hapati ufunguo, hata aje na machozi. Hatengenezi ufunguo kwa picha iliyotumwa kwenye simu, wala kwa gari lisilokuwepo mbele yake.

Mashine ya kuchongea iko ndani ya buti la gari lake mwenyewe, imeunganishwa na betri. Inalia kwa muda mfupi, na kipande cha chuma kinatoka kikiwa na meno. Anakipuliza, anakiingiza mlangoni, anakizungusha. Mlango unafunguka.

Nesi anapiga makofi. “Asante Mungu! Sasa nikalale.”

“Kalale wapi? Hapa tumepata mlango tu. Gari lenyewe bado halitujui.”

Hapo ndipo wateja wengi huchanganyikiwa, na hapo ndipo yeye mwenyewe alianzia. Miaka ya nyuma alikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akichonga funguo za makufuli kwenye kona. Siku moja dereva wa teksi alimletea ufunguo wa gari, naye akauchonga kama alivyochonga mingine. Ufunguo ulifungua mlango vizuri. Injini ikawaka, ikakohoa, ikazima. Ikawaka tena, ikazima tena.

“Alirudi amefura,” anakumbuka. “Akanitupia ufunguo mezani, akasema, ‘Nilitaka ufunguo wa gari, wewe umenipa ufunguo wa sebule. Naweza kuingia, nikakaa, basi!’”

Alirudisha pesa za watu, halafu akauliza kwa nini. Kaka yake, fundi umeme wa magari, alichukua ufunguo mkongwe ulioharibika, akaupasua kichwa kwa nyundo na kumwonyesha kipande cheusi kinachotoshana na punje ya mchele. Hiyo ndiyo chipu. Ufunguo unapoingizwa, waya uliozungushwa kwenye swichi ya kuwashia huiamsha. Gari linauliza, chipu inajibu. Jibu lisipokuwa lile linalokumbukwa na gari, injini hainyweshwi mafuta, hata meno ya ufunguo yawe sahihi namna gani.

Alijifunza kwa kaka yake kwa muda mrefu, jioni baada ya dukani. Mashine ya kuzungumza na magari aliinunua kwa akiba ya miaka mitatu, na mumewe, ambaye ni fundi cherehani, aliahirisha kununua cherehani mpya ili akiba hiyo itimie. “Hadi leo ile ya zamani ikikata uzi, ananitazama mimi,” anasema.

Kuna wenye magari wanaomwomba aitoe chipu na kuibandika chini ya usukani, ili ufunguo wowote wa bei rahisi uweze kuwasha. Hukataa. Anawaambia kwamba hapo gari litakuwa linamjibu kila mtu, mwizi naye akiwemo.

Sasa ameketi kwenye kiti cha dereva, waya wa mashine ukiwa umechomekwa chini ya dashibodi. Gari linamsubirisha. Baadhi ya magari hufanya hivyo makusudi, ili mwizi mwenye mashine kama hiyo akose subira. Mlinzi wa maegesho, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye, amesogea kutazama. Kioo cha mashine kinawaka, na Mama Meno anasoma. Anasoma tena.

“Dada, funguo zako nyingine ziko wapi?”

“Zipi?”

“Gari linasema linazijua tatu.”

“Mimi nilipewa mmoja,” anasema nesi. “Nilipolinunua yadi, dalali aliniambia limekuja na mmoja tu.”

Mama Meno anamuuliza kama amewahi kukuta kitu kisicho cha kawaida ndani ya gari. Nesi anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka. Anasema mara nyingi akitoka zamu hukuta kiti kimerudishwa nyuma. Siku nyingine kioo cha ndani kimegeuzwa. Mafuta yanaisha haraka. Aliwahi kuwaambia wenzake wodini, wakamwambia ni uchovu, apumzike.

“Nikaamini,” anasema. “Nilianza kuogopa kuwapa wagonjwa dawa. Nikawa nahesabu vidonge mara mbili, mara tatu. Nikajiambia, kama siwezi kukumbuka nilivyoacha kiti changu…”

Hamalizi. Mlinzi ndiye anayemalizia, bila kujua anachofanya.

“Lakini si shemeji huwa analichukua?”

“Shemeji gani?”

“Mumeo. Yule mrefu wa miwani. Huja na ufunguo wake, ananisalimia vizuri, ananiachia hata ya soda. Mimi humpigia saluti.”

“Mzee, mimi sina mume!”

Mlinzi anavua kofia, anaivaa tena. “Basi aliyekuwa akipokea saluti yangu ni nani?”

Mrefu wa miwani, Mama Meno anamfahamu. Ni dalali wa yadi ya magari yaliyotumika, iliyo barabara ya pili kutoka hospitali. Anamfahamu kuliko wengi. Kwa wiki nzuri hupata kazi sita, na nne kati ya hizo humjia kupitia yadi hiyo.

Nesi naye amemtambua, ndiye aliyemuuzia gari; anampigia papo hapo, simu ikiwa kwenye spika. Dalali hakani. Sauti yake ni ya mtu aliyeamka vizuri.

“Aa, dada yangu! Gari likikaa juani kutwa linaharibika. Mimi nalinyoosha miguu tu.”

“Unalinyoosha miguu?”

“Nawaonyesha wateja. Lako ndilo safi kuliko yote ya aina ile, unalitunza kama mtoto. Mteja akilijaribu, anaagiza lake. Betri inachaji, matairi yanazunguka, wewe upo kazini hulihitaji. Kuna ubaya gani hapo?”

“Na mafuta?”

“Mafuta kidogo tu, dada. Kwani nimeyanywa?”

“Kwa hiyo sina wazimu,” anasema nesi. Hamwambii dalali. Anasema akitazama kiti. Halafu analia, kimya, huku mlinzi akitazama pembeni.

Kwenye spika dalali anasikia fundi akikohoa, anaitambua sauti hiyo. Anaomba kuongea naye. Mama Meno anaichukua simu, lakini spika haizimi.

“Mama Meno, ni wewe? Afadhali. Sikiliza, ongeza mmoja, usifute. Nina mteja saa nane, nimeshamwahidi gari hilo hilo. Ufunguo wangu nitamletea mwenyewe kesho.”

Katika kazi hii, mashine hutoa njia mbili. Fundi anaweza kuongeza ufunguo mpya, na zile za zamani zikaendelea kufanya kazi. Au anaweza kufuta zote, kisha akaandikisha zile tu zilizopo mbele ya mwenye gari. Kuongeza ni haraka, na mteja asiyejua hawezi kuona tofauti.

“Gari si langu, kaka,” anasema Mama Meno.

“Najua si lako. Lakini wewe ni mtu wetu. Ukifuta, basi na hapa yadi usikanyage. Usinielewe vibaya.”

“Nimekuelewa vizuri.”

Anamrudishia nesi simu yake. Anatoka ndani ya gari, anakaa kwenye ukingo wa sakafu ya saruji, anajifuta mikono kwa kitambaa ambacho tayari ni kichafu kuliko mikono yenyewe. Nesi amesikia kila neno.

“Mama, ongeza tu,” anasema nesi. “Nitamfuata mwenyewe anipe. Usikose riziki kwa sababu yangu.”

“Akikupa mmoja, wa tatu uko kwa nani?”

“Sijui.”

“Hata mimi sijui. Pengine hata yeye hajui.” Anaokota kadi ya gari kutoka juu ya boneti. “Hapa pameandikwa jina la nani?”

“Langu.”

“Basi mimi nakungoja wewe.”

Mlinzi anaguna. Nesi anajifuta pua kwa mkono wa sare, anatazama lango, anatazama mashine.

“Futa,” anasema. “Futa zote.”

Mama Meno anabonyeza. Kioo kinauliza kama ana hakika, naye anabonyeza tena. Gari sasa halimjui mtu yeyote. Anaandikisha ufunguo mpya, kisha wa pili wa akiba, anamkabidhi nesi awashe mwenyewe. Injini inawaka na haizimi.

Anamweleza ukweli wote, na ule usiopendeza pia. Funguo za zamani hazitawasha tena gari, lakini meno yake bado yanafungua mlango. Fundi atarudi kesho kupanga upya vibati vya ndani ya vitasa, vile vinavyoyatambua meno, ili hata hilo liishe. Kwa leo, asiache kitu ndani.

Nesi anamwomba abaki na ule wa akiba, kwa kuwa hana ndugu mji huu. Mama Meno anakataa. “Fundi hakai na ufunguo wa mtu. Tafuta mwenzako unayemwamini, umpe.”

“Mimi je?” anauliza mlinzi.

“Wewe mzee utampigia mtu saluti.”

Jioni hiyo, nyumbani, mumewe alimuuliza swali moja tu, mguu ukiwa juu ya cherehani.

“Umefuta?”

“Nimefuta.”

“Haya. Kesho tutakula nguo.”

Alisema hivyo akicheka, lakini majuma matatu yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha. Yadi ilimwita fundi mwingine. Kazi zilishuka hadi mbili kwa wiki, nyingine za makufuli. Binti yao, aliye sekondari, aliambiwa safari ya masomo isubiri muhula ujao. Siku ya pili akamwomba mama yake amweleze tena ilivyokuwa, hasa pale pa saluti.

Nesi alipangiwa vitasa upya kama alivyoahidiwa, akalipa bila kupatana bei. Akaja na wauguzi wawili waliotaka kujua magari yao yanajua funguo ngapi. La mmoja lilijua mbili, naye alikuwa nazo zote, akaondoka amefurahi kama aliyepewa majibu mazuri ya maabara. La mwingine lilijua nne. Huyo akauliza, “Mama, nikuletee na la dada yangu?”

Kutokana na hao limezaliwa wazo. Karibu na ofisi ambako watu huhamisha kadi za magari kuna chumba kitupu, kidogo, chenye kivuli mbele. Mama Meno anataka kukipanga. Anataka siku ya mauziano muuzaji na mnunuzi wapitie hapo pamoja, achomeke mashine wakiona, afute zote, aandikishe zile tu zinazokabidhiwa. Mwenye chumba amempa hadi mwisho wa mwezi kuamua. Kodi anayo ya mwezi mmoja. Wa pili hana.

“Sitaki watu wawaone madalali wote ni wabaya,” anasema. “Wengine hawajawahi kukutana na mtu wa kuwaambia kwamba ukiuza, umeuza.”

Anapoyasema haya, mchana wa Alhamisi, simu yake inaita. Ni dalali, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hasalimii.

“Mama Meno, nina mteja hapa mbishi ajabu. Pesa anayo mkononi, hataki kuitoa mpaka mashine imsomee gari linajua funguo ngapi. Fundi wangu mpya hakumridhisha. Anasema dada yake ni nesi. Hawa manesi umewafanya nini?”

“Nakuja, kaka. Ila nikija nafuta, unajua.”

“Unafuta zipi?”

“Zote.”

Upande wa pili kunasikika honi, mtu akiuliza kitu, dalali akimjibu angoje.

“Zote kabisa?”

“Zote kabisa. Mbele yake.”

“Nitakupigia,” anasema dalali, na simu inakatika.

Mama Meno anaiweka simu mezani, kioo juu. Anavuta waya wa mashine yake, anauchomeka ukutani ipate chaji, anakaa karibu nayo.

“Atapiga,” anasema. “Yule mteja ameshauliza.”