Grafu Iliyonifanya Nimtuhumu Mama Koku

Mwezi uliopita nilimkosea mwanamke mwaminifu mbele ya watu, na kosa ni langu peke yangu. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakausha dagaa hapa Ilemela. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya siku tatu kule Mirongo, tulikofundishwa kuchora grafu kwenye kompyuta ili tuamue mambo kwa takwimu. Nilirudi kichwa kimevimba.

Niliingiza idadi ya magunia yaliyopokelewa stoo kwa miezi sita. Kila mwezi mstari ulipanda vizuri, kisha ukaporomoka kwa siku kadhaa. Sikumuuliza mtu. Niliamua tu kwamba mtunza stoo, Mama Koku, anaficha magunia, nikaitisha kikao tumwondoe.

Nilitundika shuka jeupe ukutani, nikawasha projekta, nikaonyesha mabonde yale kwa fimbo kama mwalimu mkuu.

"Mama Koku, tueleze. Siku hizi dagaa huwa wanakwenda wapi?"

Alisimama, akaitazama grafu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Hizo ni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa nchi kavu. Gunia nilitoe wapi?"

Wanachama wakaanza kuguna. Yeye akaniuliza kwa upole, "Baba, kwani wewe umevua dagaa miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili," nilijibu. Nisingeweza kudanganya, maana nusu ya waliokaa pale nilivua nao mtumbwi mmoja.