Mikanda ya Mbeleko

Enzi zetu kule Mollo, mtoto alipewa kila kitu kikiwa kikubwa. Sare ilishonwa ifike karibu na vifundo vya miguu, ili tukiingia darasa la nne iwe imepanda magotini. Viatu, kwa waliovipata, vilijazwa karatasi mbele. Hata kikombe changu cha uji kilikuwa cha mtu mzima, nikakishika kwa mikono miwili kama padri altareni. Wazazi wetu walikuwa na neno moja tu la kujibu malalamiko yote: "Utakua."

Mfuko wa shule nao ukawa hivyohivyo. Mama aliushona kwa kiroba cha mbolea, akauwekea mkanda mmoja, akasema utanifikisha darasa la saba. Ulinipiga magotini. Ndani kulikuwa na madaftari, viazi vya kuchemsha vya mchana, na siku nyingine mahindi ya uji wa shule. Mkononi nilishika jembe au kidumu cha maji. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisikiana kabla ya kuonana, na nyasi zilitulowesha mpaka mapajani. Tulikimbia ili tupate joto, meno yakigongana, tukapanga njiani nani atacheza rede na nani wakati wa mapumziko. Hakuna aliyetusindikiza. Siku hizi mtoto wa hapa mjini, Katandala, anapandishwa bodaboda kwenda shule ambayo ukisimama mlangoni kwao unaisikia kengele yake.

Mwaka ulipoisha bega langu la kulia lilikuwa limeshuka. Baba ndiye aliyeliona kwanza, Jumapili moja tukitoka misa. "Huyu Melania anatembea kama kuku aliyepigwa jiwe," akasema, na watu wakacheka. Mama hakucheka. Tulipofika nyumbani alinisimamisha mlangoni, mgongo kwenye ubao, akapitisha kiganja chake kutoka shingoni hadi kiunoni, polepole. Kisha akafungua sanduku la bati akatoa mbeleko.

Lazima niieleze mbeleko ile. Ilikuwa kanga nyekundu iliyopauka. Mama alinibeba nayo mimi, na baada yangu akambeba mdogo wangu Edesi, aliyefariki kabla hajajua kukaa. Tangu hapo ilikaa sandukuni. Sasa najua kwamba siku ile mama alipoikata alikuwa amekubali kuwa hakuna mtoto mwingine atakayekuja. Wakati ule nilikuwa na miaka minane. Niliona kitambaa tu.

Aliupunguza mfuko uishie kiunoni, akakata ukingo mmoja wa mbeleko, akaukunja mara nne, akashona mikanda miwili mipana. Akanivika, akaukaza, akajaribu kupitisha vidole viwili kati ya mkanda na bega. Vilipita kwa shida kidogo, akaridhika. "Mtoto ukimfunga chini anakuvuta nyuma," alisema. "Ukimfunga juu, akakushika, unalima naye kutwa. Na mfuko ni hivyo." Viazi akaviweka upande wa mgongo wangu, madaftari upande wa nje. Asubuhi za baridi viazi vile vya moto vilinipasha uti wa mgongo njia nzima. Hakuna koti nililowahi kuvaa lililoishinda raha ile.

Shuleni waliitambua kanga mara moja. Skola, rafiki yangu wa rede, ndiye aliyeanza. "Jamani, Melania bado anabebwa!" Mwingine akanipigapiga mgongoni: "Mcheulisheni, ameshanyonya." Siku tatu nilivumilia. Siku ya nne, njiani kurudi nyumbani, nilitoa wembe wa kuchongea penseli, nikakata mkanda mmoja, nikautupa kwenye shamba la ulezi.

"Umekatika wenyewe?" mama aliniuliza.

"Umekatika wenyewe, mama."

Alishika kipande kilichobaki, akakipitisha kati ya vidole. Kitambaa kikichanika huacha nyuzi. Kile kilikuwa kimenyooka kama ukingo wa daftari. Aliniangalia kidogo. "Haya," akasema, akakata ukingo wa pili wa mbeleko, akashona upya. Sikuukata tena. Kila mwaka aliirefusha mikanda kwa kiasi nilichokua, na hadi leo mabega yangu yako sawa.

Mama alitutoka mwaka jana, ulezi ukiwa umeshavunwa. Nilimuuguza miezi miwili. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwambia habari ya ule wembe. Nilijiambia ni jambo la kitoto, nikamgeuza ubavu, nikampa uji, nikanyamaza. Tulipogawana nguo zake baada ya matanga, niliikuta mbeleko chini kabisa ya sanduku, imekatwa kingo mbili. Nilipoikunjua, ndani yake kulikuwa na mkanda umekunjwa. Ulikuwa ule niliotupa. Alikwenda kuutafuta kwenye ulezi, akaufua, akauweka, akakaa nao miaka yote bila kunitajia.

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu Oktavia sokoni kununua begi. Anaingia darasa la kwanza na amelelewa kwangu. Alilitaka lenye picha ya binti mwenye taji, likamfika chini ya makalio.

"Mpe hilo, mama, atakua nalo," kijana muuzaji akasema.

"Na mimi niliambiwa hivyo," nikamjibu. "Lete dogo. Lenye mikanda mipana."

Akacheka. "Mama, wewe unanunua begi au unapima suti?"

Tulipata moja la bluu, halina picha, Oktavia akanuna hadi nyumbani. Lilimkaa vizuri, ila mikanda ilikuwa inateleza mabegani. Nikauchukua ule mkanda wa mama, nikaifunga nao ile miwili ya begi pamoja kifuani pake, nikapitisha vidole viwili.

"Bibi, wenzangu watanicheka."

"Watakucheka. Ukishindwa, ufungue uuweke ndani ya begi, urudi nao. Usiutupe. Mimi niliutupa, nikamdanganya mama yangu."

Ni mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo. Aliyestahili kuyasikia hayupo, nimemwambia mtoto wa miaka sita anayewaza binti mwenye taji.

Enzi zetu tulikwenda shule peku, kwenye ukungu, na kiroba cha mbolea mgongoni. Leo wana mabegi yenye mifuko hata ya chupa ya maji, na asubuhi watoto wanapita hapa wameinama kama wazee. Siku ya kwanza ya shule, Oktavia alipofika kwenye kona aligeuka kunitazama, mkono uko kifuani kwenye mkanda. Niliingia ndani nikafunga mlango, ili nisione kama ameufungua.