Dudumizi wa Mwalimu Yuliana

Mwalimu Yuliana alistaafu kufundisha baiolojia mwaka uleule aliofiwa na mumewe. Mwezi wa tatu walimzika Ansbert kwao Ndanda. Mwezi wa saba walimu wenzake walimuaga kwa keki na feni ya mezani, akarudi kwenye nyumba yake ya Bunju akiwa na muda mwingi kuliko aliowahi kuwa nao maishani.

Marehemu alikuwa bwana misitu, na ndege aliwajua kwa sauti. Walipohamia Bunju viwanja vingi vilikuwa bado vichaka vitupu. Asubuhi, akinywa chai barazani, Ansbert aliinua kidole: "Kurumbiza huyo. Sikiliza, mama Jeni, dudumizi anaita mvua." Halafu akamwiga, mpaka yule ndege akamjibu. Miaka ikaenda, watu wakajenga, kuta zikapanda, vichaka vikafyekwa. Wakabaki kunguru.

Binti yao wa pekee, Jenipher, anafanya kazi Mwanza. Mama yake alipostaafu, alimletea kompyuta yake ya zamani. "Mama, ukikaa hivi hivi utaugua. Cheza hata gemu," alisema, akamwekea moja ya kujenga bustani ya wanyama. Unachora mabanda, unapanda miti, unachimba mabwawa, unaleta wanyama na kuwatunza, na wageni wanakuja kuwatazama.

Yuliana alicheka. Wiki mbili baadaye tamthilia zote alikuwa ameziacha. Alicheza kama alivyosahihisha mitihani, bila haraka na bila kuruka kitu. Tembo wake walikuwa na tope la kugaagaa, twiga wake walikuwa na migunga. Alipofika kwa ndege ndipo alipokwama. Walikuwa wanne tu: mbuni, pengwini, heroe na tausi. Heroe na tausi wanajua kuruka, kila mtu anajua hilo, lakini ndani ya gemu hata hao walitembea chini kama kuku.

"Nchi nzima hii haina kinachoruka?" aliiuliza kompyuta.

Akajenga banda kubwa la wavu, akalijaza vichaka na nyasi ndefu, na mlangoni akaweka kibao: DUDUMIZI. Kila alipofungua gemu, alionywa kwamba banda halina mnyama. Wageni walisimama pale, alama ya kuuliza ikawatokea juu ya kichwa, wakapita. Hakulibomoa.

Kulikuwa na ukurasa wa wachezaji ambapo mtu aliweza kuomba wanyama wapya na wengine wakampigia kura. Yuliana aliandika kwa Kiingereza chake cha darasani, orodha ya ndege kumi na mmoja, kila mmoja na chakula chake na mahali anapotaga. Wa kwanza alikuwa dudumizi, na jina hilo aliliacha kwa Kiswahili. Jirani na ombi lake kulikuwa na mtu aliyetaka dinosaria. Huyo alikuwa na kura maelfu. Yuliana alikuwa na moja, ya kwake mwenyewe.

Siku ya sita zikawa mbili. Chini yake pakaandikwa: "Shikamoo mama. Mie naitwa Faraji, niko Kigamboni, fundi wa majokofu. Nimeona umeandika dudumizi nikacheka peke yangu. Sie huku bado tunaye."

"Marahaba," alijibu. "Kumbe mpo."

Wakahamia kwenye simu. Kwa miezi minne Faraji alimrekodia kila kilicholia nyuma ya nyumba yake akamtumia, naye Yuliana akamjibu: huyo ni shorewanda, huyo ni chozi, huyo ni kuku wa jirani yako. "Mwalimu, huyo chozi namsikia tangu utotoni," Faraji aliandika mara moja. "Sikuwahi kujua kama ana jina."

Kisha ukaja ujumbe mrefu. Alikuwa amepata kazi melini, anaondoka kesho yake, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Yuliana aliandika hongera. Akaongeza sentensi ya pili, akaifuta, akaiandika tena, akaifuta. Akatuma hongera peke yake.

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata gemu ikaleta ndege wapya. Ilichukua asubuhi nzima kuwapakua. Walikuwepo kasuku, tai, na korongo mwenye taji, ambaye ni wa kwetu kabisa. Yuliana aliwachimbia korongo wawili bwawa lao, na wa kiume alipokunjua mbawa akaruka juu ya maji, yeye aliinuka kwenye kiti amwambie mtu. Hapakuwa na mtu. Alimwandikia Faraji, ujumbe ukabaki na tiki moja. Akampigia Jenipher.

"Shikamoo mama. Kuna nini?" Sauti ilikuwa ya hofu, maana huongea Jumapili tu.

"Marahaba. Hakuna baya. Wameleta ndege."

"Kina nani?"

"Kwenye gemu."

"Na yule uliyemwomba yupo?"

"Dudumizi? Hayupo. Wala sikutegemea."

"Mie hata nimesahau analiaje. Baba alikuwaga anamwiga. Hebu mwige nisikie."

Yuliana hakuwahi, hiyo ilikuwa kazi ya Ansbert. Alivuta pumzi, akaanza, du-du-du-du, sauti ikishuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi. Katikati ikamkatikia. Akaanza upya, safari hii akafika mwisho.

Jenipher hakucheka. "Ndivyo hivyohivyo," alisema polepole. Kisha, "Mama, naitwa kwenye kikao. Jumapili, eeh?"

"Haya mwanangu."

Alitoka nje kupata hewa. Kwenye geti lake mwenyewe alisimama Najat, jirani wa ukuta wa pili, ambaye kwa miaka mitatu Yuliana alikuwa akisalimiana naye tu.

"Mwalimu, nimesikia sauti. Ulikuwa unalia?"

"Hapana. Nilikuwa namwiga ndege."

"Ndege gani analia hivyo?"

"Dudumizi."

"Mie simjui huyo."

"Huwezi kumjua, alishaondoka wakati unahamia." Yuliana alisita. "Karibu chai, nikusimulie."

Najat alitazama nyuma, kwake. "Nimeacha chungu jikoni. Siku nyingine, mwalimu, Mungu akipenda."

"Haya, siku nyingine."

Geti la Najat likafungwa. Yuliana alisikia komeo likisukumwa, akangoja kidogo, kisha akaingia ndani kupasha kiporo cha mchana.