Nilimpeleka mzee wangu Kasanga kuona ngome ya Wajerumani, tukarudi na samaki

Habari za jioni wakuu. Juzi mwenzetu alileta uzi wa kutembelea mji wa bandari ya kivita huko Japani, nikausoma mpaka comment ya mwisho. Na mimi naleta wa kwetu Rukwa. Sijatia chumvi, kilichotokea ndicho hiki.

Kasanga ipo Ziwa Tanganyika. Wajerumani walijenga ngome pale, na meli zao za vita zilikuwa zinatia nanga chini yake. Kutoka Sumbawanga siku hizi ni lami, asubuhi unaenda, jioni umerudi.

Sasa, kwetu Kaengesa samaki wa ziwani haingii jikoni. Babu alipiga marufuku. Alichukuliwa na Wajerumani akiwa kijana kwenda kujenga ngome hiyo, aliporudi akasema samaki wa kule haliwi kwake. Sababu hakuwahi kusema. Baba, kitinda mimba wake, akaushika mwiko, na sisi tukaushika. Nimekula ugali wa ulezi na maharage mpaka najua kila aina ya maharage kwa jina.

Baba ni fundi mwashi mstaafu, ana miaka themanini na ushee, na macho yanaelekea kuzima. Mwezi uliopita aliniita, akaniambia lazima afike Kasanga kabla hayajaisha kabisa.

"Nataka nijue kama nawaachia huu mwiko, au nauacha huko huko ulikotoka."

Nikaazima gari la shemeji. Mzee akapanda na kabuti lake la baridi ya Ufipa. Nilimwambia ziwani kuna joto, akanijibu kwamba yeye haendi kuogelea. Poa.

Saa nne tumefika. Ngome sasa ipo ndani ya eneo la jeshi, kuingia kunahitaji kibali, na mwenye kutoa kibali alikuwa ametoka. Askari wa zamu akamwamkia mzee kwa heshima zote, akatushauri tuje siku nyingine. Mzee akaitikia marahaba, akakaa juu ya jiwe.

Masaa matatu wakuu! Jasho linamtiririka, namwomba walau avue kabuti, hataki. Kwa kweli nilikasirika. Nikafikia hatua ya kuwasha gari ili aogope kuachwa. Hata shingo hakugeuza.

Saa saba na kitu mhusika akarudi, akamwangalia mzee, akatupa mtu wa kutusindikiza. Picha haziruhusiwi, kwa hiyo msianze yale mambo yenu ya uzi bila picha.

Kilichobaki ni magofu ya mawe. Mzee hakuona zaidi ya kivuli cha ukuta. Akasogea, akaanza kuupapasa kama alivyokuwa akikagua kazi za mafundi wake, kidole kwenye kila kiungo, kutoka chini kwenda juu. Akarudia. Kisha akachukua mkono wangu akauweka pale.

"Huku chini jiwe limekazwa. Hapa juu limesukumiwa tu. Aliyepanga hapa alikuwa hoi, na kuna mtu alikuwa amesimama nyuma yake."

Kama ni babu au mwingine, hatujui. Nililia, na sioni aibu kuandika.

Mzee akavua kabuti, akanipa nibebe. Akasema baba yake alikuwa na haki ya kukasirika, ila hasira ilimwangukia samaki asiye na kosa. Tukashuka kwa mama mmoja muuza chakula, mzee akaagiza mgebuka wa kuchoma. Akamla taratibu, akitafuta miiba kwa vidole, akabakisha mifupa mitupu.

Nilichojifunza: kabla hujamrithisha mwanao chuki ya kitu, nenda kwanza ilikoanzia ukashike kwa mkono wako.

Haya, nani mwingine kwao kuna kitu hakiliwi na hakuna anayejua kwa nini? Mwageni hapa.

Na mpishi yeyote wa mgebuka anijibu haraka. Tulibeba wawili wa nyumbani, na mama, miaka hamsini jikoni, amewageuza geuza mezani anauliza wanaanza kukatwa upande gani.